Mdogo wangu anaanza ARV wiki hii, apimwe virusi sugu kwanza ama aanze tu?

BintiLikoni: Jamani habari za jioni. Mdogo wangu amepatikana na virusi vya UKIMWI juzi na CCC, kliniki ya wenye virusi, wanataka aanze dawa sai sai. Sasa mumewe, walahi ndo tumejua juzi, amekuwa akimeza ARV anaacha, anarudi anaacha tena, miaka. Na mi nimesoma kuwa waweza kuambukizwa virusi vilivyo sugu tayari, yaani dawa haviviwezi, tena vichache mno hata kipimo hakivioni. Tungoje kipimo kwanza? Nna wasi sana

fundi_maabara: Pole dada. Ulosoma ni kweli. Hivi virusi hujinakili mabilioni kwa siku na vikijinakili hukosea kosea, ndo mabadiliko hutoka hapo. Sasa fikiria wachambua mchele, chuya ndo virusi sugu. Kipimo cha kawaida, kile cha Sanger, kinaona chuya zikiwa kama 15 ama 20 kwa kila punje mia, chini ya hapo zapita. Mashine mpya za kusoma jeni zafika hata 1 kwa 100, lakini ukishuka chini zaidi makosa ya mashine yenyewe yanaanza kufanana na mutesheni, yaani hayo mabadiliko ya virusi. Na kama kwa tyubu mmeingia nakala 50 tu za virusi, hiyo 1 kwa 100 utaitoa wapi?? Watu husahau hilo kila siku

MamaWatatu_Kisauni: Mimi haya yalinipata. Zamani leba nilipewa nevirapini dozi moja kumkinga mtoto, mtoto yuko sawa alhamdulillah, lakini baadaye nilipoanza dawa za familia hiyo hiyo hazikushika, virusi havikushuka mpaka nikabadilishiwa. Nikaambiwa ni K103N, badiliko moja la virusi linaloleta usugu.

fundi_maabara: Eeh mama, hiyo K103N ikiwa moja peke yake yatosha kuangusha nevirapini na efavirenzi zote mbili. Ndo maana hivyo vichache vilitisha enzi hizo, mwaka 2011 walikusanya tafiti 10 wakaona mwenye navyo hatari ya dawa kufeli ni zaidi ya mara mbili. Lakini BintiLikoni, sai Kenya watu huanzishwa dolutegravir, tangu 2018 hivi, na hiyo dawa, kirusi chataka mabadiliko kadhaa ndo kiishinde, si moja. K103N haiigusi kabisa. Mi singengoja.

BintiLikoni: Na huyo bwana naye kama alikuwa anameza hiyo hiyo dolutegravir akaacha acha?

fundi_maabara: Swali zuri. Usugu wake bado ni nadra lakini upo, kwa hivyo mwambieni daktari ukweli wote, bwana alimeza gani, aliacha lini. Na kama dada mwenyewe aliwahi kudungwa ile sindano ya kinga ya kabotegravir, ya kuzuia kuambukizwa, aseme pia, ni ya ukoo mmoja na dolutegravir, hapo kipimo cha usugu kina maana. Damu yaweza kutolewa kabla ya kidonge cha kwanza na dawa ianze siku hiyo hiyo, majibu yatamkuta njiani. Halafu asikose kupimwa wingi wa virusi baada ya miezi michache, hapo ndo mtajua kama yashika.

MamaWatatu_Kisauni: Na asimezee kwa kujificha chooni kama mi, nikasahau dozi ngapi sijui 😅

BintiLikoni: Asanteni sana. Bwana amekubali kuja naye, kadi yake ya zamani iko. Kesho twapanda feri ya alfajiri.