Viraka vingi vya mfumo endeshi: uwashe upya baada ya kila kimoja, au mara moja mwishoni?

Seva_Usiku: Wakuu, nina seva za Windows na chache za Debian (aina ya Linux), viraka, yaani masasisho ya kurekebisha kasoro, vimelundikana. Napima njia tatu: kusakinisha kimoja na kuwasha upya kabla ya kinachofuata, kusakinisha vyote kisha kuwasha mara moja, au kutegemea viraka vinavyoingia mashine ikiendelea kufanya kazi. Muda niliopewa wa kusimamisha huduma ni mfupi. Mnashauri ipi?

MamaKeneli: Ya pili. Kwenye Windows tumia wusa, amri ya kusakinisha viraka, pamoja na /quiet /norestart (kimya, bila kuwasha upya). Ikirudisha namba 3010, kiraka kimeingia ila kinasubiri mashine iwashwe upya. Faili linalotumika halibadilishiki, kwa hiyo mfumo huweka kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) orodha ya mafaili ya kubadilisha, kisha huyashughulikia mwanzoni kabisa mwa kuwaka.

Zamu24: Naongezea, maana hapa wengi hupoteza muda bure. Enzi za Windows 2000, ukirundika viraka, faili la zamani liliweza kulifuta jipya. Microsoft ikatoa zana ya QChain kutatua hilo. Tangu Windows 10, sasisho la mwezi ni limbikizi: la mwisho limebeba yaliyotangulia. Mkuu, usihangaike na ya miezi iliyopita. Chukua la karibuni, kisha angalia yanayokuja peke yake, kama ya .NET (jukwaa la kuendeshea programu).

Kumbukumbu: Mimi sikubali kabisa. Vikiingia vyote pamoja na seva ikagoma kuwaka, utajuaje mkosaji?

Zamu24: Hoja nzuri. Ndiyo maana huwa naiwasha upya seva kama ilivyo, kabla sijagusa kiraka chochote. Ikigoma hapo, tatizo lilikuwemo tangu awali. Baada ya hapo nachukua nakala, nasakinisha vyote, nawasha mara moja. Viraka vya viendeshi (drivers) na vya programu dhibiti ya maunzi ndivyo navifanya kimoja kimoja.

Seva_Usiku: Na Debian je? Pale apt, kisakinishi chake, haidai kuwasha upya.

MamaKeneli: Kutodai kusikudanganye. Linux hukuruhusu kubadilisha maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingi) ikiwa inatumika, lakini programu iliyokwisha kuifungua huendelea na ile ya zamani. Unaweza kusasisha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, leo na huduma yako ya wavuti ikabaki na tundu lilelile mpaka uianzishe upya. Sakinisha needrestart, itakutajia huduma za kuanzisha upya. Keneli (kiini cha mfumo endeshi) mpya inahitaji kuwasha mashine nzima.

Kumbukumbu: Hapo ndipo njia ya tatu inaponivutia.

MamaKeneli: Inapunguza, haiondoi. Keneli ya Linux ina uwezo wa kupokea viraka ikiendelea kufanya kazi tangu toleo 4.0 la 2015, lakini lazima mtu akutengenezee viraka vya aina hiyo. Kwa Windows Server inayotumia viraka vya namna hiyo (hotpatch), Januari, Aprili, Julai na Oktoba bado utawasha upya.

Zamu24: Na tafadhali, vidhibiti vya domeni (seva zinazothibitisha watumiaji wanaoingia kwenye mtandao) usivizime vyote kwa pamoja. Kimoja kirudi, kikague, ndipo uguse cha pili.