Taa ya joto au mkeka wa joto kwa watoto wa pudeli wanaotarajiwa kuzaliwa nyumbani?

Mwanagenzi
Salaam kwenu wanajukwaa. Mbwa wangu jike wa aina ya pudeli anatarajiwa kuzaa hivi karibuni, na huu utakuwa uzao wa kwanza kuulea mwenyewe nyumbani, kwani hadi sasa nimefuga mbwa mmoja mmoja tu. Sanduku la kuzalia liko tayari, ila bado sijanunua kifaa cha kuwapa watoto joto. Nimeonyeshwa vifaa viwili: taa ya kuning'iniza juu ya sanduku na mkeka wa umeme unaotandikwa chini. Muuzaji wa taa amenionya kuwa mkeka huunguza, na muuzaji wa mkeka amenionya vivyo hivyo kuhusu taa. Sanduku nakusudia kuliweka sebuleni ili watoto wazoee watu mapema. Nanunua kesho kutwa, hivyo naomba mnishauri kipi bora.

Subira
Ndugu Mwanagenzi, swali lako halijibiki kama lilivyo. Ni pudeli wa ukubwa gani? Kwa wanaofuata viwango vya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, yule mdogo kabisa ana sentimita 24 hadi 28 begani na yule mkubwa ana 45 hadi 60, na watoto wao hawalelewi kwa namna moja. Alipandwa lini? Amewahi kuzaa? Amepigwa eksirei ili ijulikane amebeba wangapi? Chumba chenyewe kina nyuzijoto ngapi usiku? Tena, "hivi karibuni" si tarehe.

Mzee wa Kola
Wakati tukisubiri majibu hayo, mimi nasema taa. Mtoto wa mbwa huzaliwa hawezi hata kutetemeka ili ajipashe moto, kwa hiyo mahali anapolala panatakiwa pawe na nyuzijoto 29 hadi 32 za Selsiasi katika wiki ya kwanza, kisha upunguze kidogo kidogo hadi kufikia kama 24 wiki ya nne. Taa hukurahisishia kazi hiyo, kwa sababu ukiipandisha joto linapungua na ukiishusha linaongezeka. Iweke juu ya pembe moja tu, wala si katikati, na uitundike kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme. Zaidi ya hapo, watoto wenyewe watakusomea kipimo: wakilundikana mmoja juu ya mwenzake wanasikia baridi, na wakitawanyika kila mmoja pembe yake huku wakihema, umewazidishia.

Bibi Manyoya
Mzee wa Kola, shikamoo. Umesahau kwamba ndani ya sanduku kuna mama pia, na mama huyo amevaa koti zito la manyoya ya pudeli. Taa humpiga mgongoni anaponyonyesha, naye huchoka, hutoka na kukaa nje ya sanduku, na watoto hukosa ziwa. Mkeka hupasha watoto matumbo bila kumsumbua yeye. Uwe wenye kidhibiti joto, utandikwe chini ya nusu ya sakafu tu, ufunikwe kitambaa kizito, na waya wake upitishwe nje asiutafune.

Kitovu
Niruhusuni nieleze yaliyonipata, kwa sababu mimi nilifuata ushauri kama wa Bibi Manyoya, ila nusu yake tu. Uzao wangu wa pili ulikuwa wa watoto wanne, pudeli wadogo. Nilinunua mkeka ulioenea sakafu nzima ya sanduku, nikidhani kwamba joto likiwa kila mahali ndiyo usalama. Haukuwa na kidhibiti. Siku mbili za kwanza walilala vizuri, nami nikajisifu. Usiku wa tatu niliamshwa na kilio chembamba kisichokoma, na nilipowasha taa nilimkuta mama amekwisha kumbeba mtoto mmoja kwa mdomo na kumficha uvunguni mwa kitanda, kwenye sakafu ya baridi, kisha akawa anarudi kumchukua wa pili. Nilimkemea na kumrudisha sandukuni. Nilidhani amechanganyikiwa kwa ugeni wa uzazi, kumbe yeye ndiye pekee aliyekuwa na akili usiku ule. Asubuhi nilipowagusa, ngozi zao zilikuwa zikivutwa hazirudi upesi, fizi zao zilikuwa kavu, na mmoja hakuwa na nguvu ya kushika ziwa. Walikuwa wamekaushwa na joto ambalo hawakuwa na pa kulikimbia, maana mtoto wa siku tatu hutambaa sentimita chache tu, na kila alikotambaa alikutana na mkeka. Daktari wa mifugo aliwaokoa watatu. Tangu siku hiyo mkeka haujaingia nyumbani kwangu. Natumia taa.

Bibi Manyoya
Pole sana, Kitovu. Hata hivyo, kosa lilikuwa kutandika sakafu nzima na kukosa kipimajoto, si mkeka wenyewe. Hata taa ingewakausha kama ungeishusha hadi usawa wa vichwa vyao. Nikuulize bila ubaya: ulikuwa ukiwapima uzito?

Kitovu
Sikuwa nikiwapima, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Subira
Basi, Mwanagenzi, kabla ya taa na mkeka nunua mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Mtoto wa pudeli mdogo kabisa huzaliwa na gramu mia na ushei, kwa hiyo upungufu ambao jicho haliwezi kuuona ni mkubwa kwake. Pima asubuhi na jioni, uandike. Anaweza kupungua kidogo siku ya kwanza, lakini akipungua zaidi ya asilimia 10 usingoje kesho. Mtoto anayeendelea vizuri huongeza uzito kila siku na kufikia maradufu ya uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 7 na ya 10. Uwavishe nyuzi za sufu za rangi mbalimbali shingoni ili usiwachanganye, maana watoto weusi wa pudeli hufanana mno, na uzilegeze kila siku wanapokua.

Fundi Mbao
Mimi ningependa kujua hilo sanduku limetengenezwaje. Je, lina ukingo wa ndani kuzunguka kuta, ili mama akijilaza asimbane mtoto ukutani? Usitandike magazeti peke yake, kwani huteleza, na mtoto anayejifunza kusimama kwenye kitu kinachoteleza miguu yake hutawanyika pembeni. Kuhusu sebule, sikubaliani nawe. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio baada ya hapo kidogo, kwa hiyo kabla ya wiki ya tatu hakuna watu wa kuwazoea. Kuna mama tu anayehitaji utulivu. Anzia chumbani, uhamie sebuleni wakianza kutembea.

Mwanagenzi
Nashukuru, na naomba radhi kwa kuacha mambo mengi. Ni pudeli mdogo kabisa, sentimita 27 na kilo 3 na nusu. Huu ni uzazi wake wa kwanza. Leo ni siku ya 58 tangu apandwe, na eksirei ya juzi ilionyesha watoto watatu. Chumba hushuka hadi nyuzijoto 19 usiku. Baba wa watoto ana karatasi zote za nasaba. Nampa mama vidonge vya kalisi kila siku ili watoto wawe na mifupa imara.

Subira
Mpigie daktari wako leo kuhusu hivyo vidonge. Kalisi ya ziada wakati wa mimba huuzoesha mwili wa mama kupokea bila kutafuta, na maziwa yanapoanza kutoka kwa wingi, hasa wiki ya pili hadi ya nne baada ya kuzaa, mwili hushindwa kuichota kutoka kwenye mifupa yake kwa kasi inayotakiwa. Hiyo ndiyo homa ya maziwa, na majike wadogo wanaonyonyesha ndio hushikwa zaidi. Ukimwona anahangaika, anahema, anatembea kwa miguu mikakamavu au anatetemeka, hiyo ni dharura.

Halafu, karatasi za nasaba hueleza babu zake ni nani tu. Je, baba na mama wamepimwa vinasaba vya upofu wa retina, ule unaoitwa prcd, na magoti yao yamekaguliwa?

Mwanagenzi
Magoti ya mama yalikaguliwa. Mengine sikuuliza. Je, mikia inakatwa lini?

Mzee wa Kola
Siku ya tatu hadi ya tano, na afanye daktari, pamoja na kucha za pembeni. Pudeli bila mkia uliopunguzwa hana umbo lake.

Bibi Manyoya
Mzee wangu, hapo tutatofautiana. England na Wales zimezuia jambo hilo tangu 2007, isipokuwa kwa sababu za matibabu na kwa baadhi ya mbwa wa kazi, na nchi nyingi nyingine zina sheria kama hiyo. Nimeona pudeli wenye mikia mizima wakisimama kwenye maonyesho na hakuna aliyeuliza umbo lao limekwenda wapi.

Mzee wa Kola
Mimi nimeuliza, na zaidi ya mara moja.

Fundi Mbao
Mikia haijazaliwa bado, jamani. Mwanagenzi amechagua nini?

Mwanagenzi
Daktari amesimamisha kalisi. Kifaa bado sijanunua, na sasa nina wasiwasi: leo asubuhi joto la mama limeshuka hadi 36.9, na anachana taulo zote. Nina chupa za maji moto tu.

Subira
Likishuka chini ya 37.2, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24. Funga chupa kwa taulo nene, uziweke upande mmoja, ubadilishe kabla hazijapoa, na weka kipimajoto pale watoto watakapolala. Kila mtoto anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, mapema.

Mzee wa Kola
Mtume mtu akuletee taa.

Bibi Manyoya
Au mkeka.

Mwanagenzi
Amezaa wawili, gramu 118 na 131, chini ya meza, wala hakulitazama sanduku. Wote wananyonya. Wa tatu bado, na mama anasukuma kwa nguvu kwa dakika 40 sasa. Ningoje hadi lini?

Subira
Kikomo ni dakika 30 za kusukuma kwa nguvu bila mtoto kutoka, nanyi mmeshakipita. Usingoje jibu lingine hapa. Mpigie daktari sasa hivi, na watoto wawili uwabebe wakiwa na joto.