Mjadala: Kanisa la Fantoft lililojengwa upya, lihesabiwe la kale?

MTOA MADA: Wakuu, naliweka hili mezani. Kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen nchini Norwei, lilijengwa mnamo 1150 huko Fortun. Mwaka 1883 likakwepeshwa kubomolewa: lilifunguliwa vipande vipande, likahamishiwa Fantoft. Juni 6, 1992 likachomwa kwa makusudi. Lililopo leo lilikamilika 1997, na wapo wanaoliita kanisa la enzi za kati. Mimi nakataa. Mbao ni mpya. Tena lilipohamishwa, umbo lake la nje lilibadilishwa kwa kuiga kanisa la Borgund, jingine la mbao la kale huko Norwei, kwa hiyo mafundi wa 1997 walinakili marekebisho ya karne ya 19!

MCHANGIAJI 1: Kwa kipimo hicho utabaki na mangapi, mkuu? Haya majengo yanaishi kwa kutengenezwa. Kuta hupakwa lami ya msonobari, vigae vya mbao vikichakaa hubadilishwa. Hata kanisa la mbao la Urnes, lililoingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia 1979, lina lango la kaskazini lenye nakshi za wanyama waliosokotana ambalo lilichongwa karne ya 11 kwa ajili ya kanisa lililotangulia, kisha likapachikwa kwenye jengo la karne ya 12. Wenyewe wa enzi hizo walikuwa wakichanganya.

MTOA MADA: Urnes walipachika mti wenyewe, si nakala yake. Na nguzo za Borgund zimesimama tangu karne ya 12 kwa sababu zimekalia magogo yaliyoinuliwa juu ya mawe. Makanisa ya kabla yake, nguzo zilifukiwa ardhini, zikaoza. Ufundi ule tunausoma kwenye mti uliodumu.

MCHANGIAJI 2: Mnazungumzia moto na matengenezo tu, ilhali mengi yaliangushwa na sheria. Sheria ya Norwei ya 1851 ilitaka kanisa litoshe sehemu tatu kati ya kumi za waumini wa eneo, na haya madogo yakabomolewa kwa wingi. Norwei imebakiza makanisa 28 ya mbao ya enzi za kati. Sasa nijibuni: kanisa la mbao la Vang, Norwei, lilinunuliwa na mchoraji J. C. Dahl, likaishia Karpacz, Polandi ya leo, likiwa na sehemu tu ya mbao zake za kale. Hilo nalo mnalitupa?

MTOA MADA: Silitupi. Likiwa na mbao za kale, hata chache, na liwe Polandi, naliheshimu kama la kale. Fantoft liandikwe 1997, na mafundi wake wasifiwe kwa kazi ya 1997.

MCHANGIAJI 1: Basi tuambie, mbao ngapi ndizo zinatosha?