Likizo ndefu Tanga: kibanda cha mjomba, kukimbia, vitabu na gitaa. Nipunguze kipi?

BintiChumbageni

Habarini wakuu. Nasoma chuo Dar, nimemaliza mwaka wa kwanza, na sasa niko nyumbani Tanga mpaka chuo kifunguliwe. Kozi yetu mwaka huu haina fildi (mafunzo kwa vitendo), na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, kama mnavyojua likizo haliingii, hivyo mjomba akaniweka kwenye kibanda chake cha miamala ya fedha kwa simu jirani na soko la Mgandini. Nafungua saa 2 asubuhi. Kufunga ni saa 2 usiku, na watu wakiwepo bado inafika saa 3.

Nilikuja na mipango yangu. Nianze kukimbia, maana mwaka mzima nimekaa kwenye kiti na chipsi. Nisome takwimu mapema, somo la mwaka wa pili ambalo kaka zetu wanalisimulia kama jini. Nisome na riwaya nilizokusanya bila kuzifungua. Halafu gitaa: kaka yangu kaacha gitaa kavu alipohamia Mwanza, na nimeshajua kodi (chords, nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja) za G, C, D na Em, ila nikihama kutoka moja kwenda nyingine wimbo unasimama kungoja vidole.

Nikirudi nyumbani mama anahitaji mkono jikoni, na wadogo zangu wana hesabu za shule. Nikishika gitaa ni saa 4, baba anakohoa chumbani kile kikohozi cha kusema "acha hiyo kelele". Asubuhi naamka mzito. Ratiba nimeandika, inakufa Jumanne.

Niache kimoja? Kipi? Natanguliza shukrani.

SitiYaMbele

Nimekaa hapa nangoja wajuzi. Ila yako inafika Jumanne? Hongera, yangu huzikwa Jumatatu mchana.

Chumvi_Kali

Dada, acha gitaa. Likizo ni ya kutafuta hela. Utarudi Dar, kodi ya chumba inakungoja, bumu linachelewa, halafu utamlipa mwenye nyumba kwa G na Em? Kimbia kidogo ukitaka, soma takwimu, basi.

WakalaMstaafu

Mdogo wangu, nimekaa kwenye kibanda kama hicho miaka, ngoja nikwambie kitu ambacho ratiba yako haikijui. Siku ya wakala haiendi sawasawa. Hapo sokoni asubuhi wafanyabiashara wanatoa hela za mzigo, jioni wanakuja kuweka mauzo. Kuanzia saa 6 mpaka saa 9 mchana kunapoa, ukiondoa mwisho wa mwezi. Hizo saa tatu ndizo zako.

Lakini usisome riwaya hapo. Riwaya nzuri inakuchukua, na tapeli anamtafuta mtu aliyechukuliwa. Atakuonyesha ujumbe wa kughushi, utampa hela bila kuangalia salio la floti, yaani hela ya wakala iliyo kwenye simu. Chukua takwimu. Swali moja, karatasi, kalamu. Mteja akija unaacha katikati ya mstari, akiondoka unaendelea palepale.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Binti kukaa peke yake na fedha taslimu mpaka saa 3 usiku siyo suala la ratiba, ni suala la usalama. Mweleze mjomba kwa adabu: jioni ndiyo hela nyingi inaingia, basi yeye au mtu wake awepo, wewe utoke saa 11 hata siku mbili kwa wiki. Na muulize malipo yako ni mshahara au sehemu ya kamisheni. Uliza mwanzoni. Mwisho wa likizo undugu unaingilia hesabu.

MwalimuWaRiadha

Nitaongelea miguu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili za kuimarisha misuli. Angalia vizuri: kwa WIKI. Hakuna aliyesema kila alfajiri. Siku tatu zinakutosha kabisa kuanzia.

Usianze kwa kukimbia moja kwa moja. Tembea haraka dakika mbili, kimbia taratibu moja, rudia mpaka nusu saa iishe. Kama huwezi kuongea sentensi nzima, punguza mwendo. Wanaoanza kwa fujo wiki ya pili wanalalamika maumivu ya mifupa ya mbele ya mguu, wiki ya tatu viatu vinarudi kabatini.

Halafu giza. Mwezi wa saba Tanga jua linachomoza saa 12 na nusu hivi, kwa hiyo ukitoka saa 11 na nusu uko gizani kabisa. Toka saa 12 na nusu, nenda njia ya Raskazone ambako watu wa mazoezi hawakosekani, saa 1 na robo uko bafuni. Ukipata mwenzako ni bora zaidi. Na hizo siku mbili za saa 11 jioni, kama mjomba atakubali, moja iwe ya kukimbia, maana jua limeshalegea.

Chumvi_Kali

Bado sijaona mtu aliyejibu hoja yangu ya gitaa.

BabuWaRithimu

Naijibu mimi. Chumvi, mji huo unaousema wa kutafuta hela tu ndio uliotoa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Wapigaji wengi wa bendi za zamani walikuwa na kazi zao mchana. Muziki haukuwazuia kula.

Sasa binti, sikiliza. Shida yako siyo muda, ni kwamba unasubiri upate saa nzima. Vidole havijifunzi hivyo. Robo saa kila siku inaishinda Jumapili nzima ya kujikamua. Weka saa dakika moja, hama G kwenda C na kurudi, hesabu umehama mara ngapi kwa sauti safi. Andika. Kesho tena. Ukichoka na G na C, chukua C na D. Usipige wimbo mzima kwanza, na usiiguse kodi ya F mwezi huu, ni ngumu kwa anayeanza.

Kuhusu baba: kunja kitambaa chembamba, kisukume chini ya nyuzi pale karibu na daraja la gitaa, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Sauti inakufa, inabaki "tuk tuk", na mkono wa kulia unajifunza mapigo vizuri zaidi kwa sababu hakuna mwangwi wa kukudanganya. Ndivyo utakavyosikia kama rithimu yako inakwenda au inachechemea. Kila mtu anataka solo, lakini katika dansi anayebeba nyumba ni mwenye rithimu.

MamaZaina_

Wanaume wote mmepita jikoni bila kugusa sufuria. Mwanangu, hesabu za wadogo zako zifanyike mezani wakati unamenya vitunguu, wao wasome swali kwa sauti. Na mwambie mama siku zako za kupika zijulikane. Mama akijua Jumatatu na Alhamisi ni zako, siku nyingine hatakuita kila dakika. Riwaya ni ya kitandani, kurasa kumi, simu ikiwa chumba kingine. Ukisinzia kwenye ukurasa wa tatu, lala, hukuwa na deni.

BintiChumbageni

Nashukuruni jamani. Nimeongea na mjomba. Ya saa 11 amekubali Jumanne na Ijumaa, siku nyingine kufunga saa 1 na nusu. Ya kamisheni alicheka, akasema "tutaona", kwa hiyo bado niko hapo hapo. Takwimu kibandani inawezekana, jana nimemaliza maswali mawili, ingawa muuza dagaa wa jirani ananiuliza kama naandika barua ya mapenzi.

@BabuWaRithimu kitambaa kimefanya kazi, baba hakukohoa. Ila vidole vinauma sana, hasa kodi ikiwa juu juu ya shingo ya gitaa. Ni kawaida?

BabuWaRithimu

Ncha za vidole kuuma wiki za kwanza ni kawaida, ngozi itakomaa. Lakini angalia na gitaa lenyewe. Tazama nafasi kati ya nyuzi na ubao kwenye kigawanyo cha 12 (vile vyuma vya kukatisha shingo ya gitaa). Milimita mbili au tatu ni sawa. Ikifika tano, shida ni gitaa, mpelekee fundi azishushe nyuzi kabla hujajilaumu. Na kama nyuzi zina kutu tangu kaka yako aondoke, nunua seti mpya nyembamba.

WakalaMstaafu

Hiyo "tutaona" ya mjomba irudie tena kwake wiki hii, mama yako akiwepo.