Diski ya nje inalia tik-tik, kompyuta haiioni

Mama Steshenari:
Wakuu, habari za jioni. Diski yangu ya nje ya TB 1 nikiichomeka mbele ya kompyuta (ya mezani, mtumba) inawaka taa, inalia tik-tik, kisha kimya. Flashi za wateja zinasoma vizuri tundu hilohilo. Imekufa?

Fundi Mnyamavu:
Usiizike bado, dada. Hapo mbele pengine ni USB 2.0, ambayo kwa kanuni hutoa miliampia 500 tu. Diski inayozunguka hunywa umeme mwingi inapoanza. Flashi haina makuu. Geuza CPU, tafuta nyuma matundu yenye ulimi wa buluu. Hayo ni USB 3.0: miliampia 900, na kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde badala ya megabiti 480. Wengine hawapaki buluu, wanaandika SS.

Kijana wa Hosteli:
Na waya uwe mfupi. Ule wa kuungaunga tupa kule.

Mama Steshenari:
Nimeingia chini ya meza na tochi ya simu, vumbi hadi puani. Buluu zipo mbili, moja imekaliwa na kipanya! Nimekihamishia mbele. Diski imefunguka, picha za pasipoti za wateja zote zipo. Asante fundi.

Fundi Mnyamavu:
Sasa zinakili mahali pengine, leo hii.