MJADALA: Hewa ukaa ni mbolea ya bure kwa mkulima? Mimi nasema taja zao kwanza

Wakuu habari za muda huu. Naleta huu mjadala mezani maana umenikaa kichwani toka Jumapili.

Kwenye kikao cha kikundi chetu cha wakulima huku Handeni, mjomba wangu, mtu mzima ninayemheshimu na anayesoma sana, alisimama akasema tunatishwa bure na haya mambo ya mabadiliko ya tabianchi, kwamba hewa ukaa ndo chakula cha mmea, kila aliyesoma sayansi ya shule ya msingi anajua usanisinuru, sasa chakula kikiongezeka angani mmea si utashiba zaidi, na sisi si tutavuna zaidi bila kununua hata mfuko mmoja wa mbolea. Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono, nikasema Mjomba shikamoo, naomba nipingane na wewe kwa heshima zote, ila muda ukawa umeisha na watu wanawahi sokoni. Kwa hiyo nayamalizia hapa, na link nitamtumia mwenyewe asome.

Nianze na pale alipo sahihi, maana mjomba hajadanganya. Kabla ya viwanda kushamiri Ulaya, hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mwaka 1958 Mmarekani Charles Keeling alipoanza kuipima kule mlima Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa kama 315. Leo imepita 420. Na mimea imeisikia, hilo halina ubishi. Wataalamu waliopitia picha za setilaiti za kuanzia miaka ya 1982 mpaka 2009 waliona sehemu nyingi za dunia zimeongeza majani, na wakasema sababu kubwa kuliko zote ni hii hewa. Uholanzi kuna wakulima wa nyanya wanaingiza hewa ukaa kwenye grinihausi kwa bomba, wanaipandisha mpaka karibu 1,000, tena wanailipia, na hakuna mkulima anayelipia kitu kisichomrudishia hela yake. Kwa hiyo anayesema hewa ukaa haikuzi mmea naye anapotosha.

Lakini ile nyanya ya Uholanzi ina maji kila saa, ina mbolea iliyopimwa kwa gramu na joto wanaloliseti wenyewe. Mahindi yetu yanasubiri mvua ya vuli.

Sasa twende kwenye jani lenyewe, hapa ndo penye kiini cha ubishi. Upande wa chini wa jani kuna vitundu vidogo sana havionekani kwa macho, vinaitwa stomata. Hewa inaingilia hapo na maji ya mmea yanatokea hapo hapo. Ndani kuna kimeng'enya kinaitwa rubisko ambacho kazi yake ni kuikamata hewa ukaa ili ikatengenezwe sukari, ila kina kasoro moja kubwa: mara kwa mara kinakamata oksijeni badala ya hewa ukaa, na kila kikikosea mmea unaingia hasara, unatumia nguvu kurekebisha kosa badala ya kukua. Joto likipanda makosa yanazidi. Mpunga, ngano, maharage, mhogo, migomba, pamba, kahawa na karibu miti yote iko hivyo, kundi hilo linaitwa C3. Hawa ukiwaongezea hewa ukaa kweli wanafaidi, rubisko inapunguza makosa na sukari inaongezeka.

Mahindi hayamo humo! Mahindi, mtama, uwele, miwa na nyasi nyingi za mbuga zetu ni kundi la C4, na hili kundi lina pampu yake ndani ya jani, linaikusanya hewa ukaa na kuisogeza mpaka pale rubisko ilipo kiasi kwamba oksijeni haipati nafasi. Yaani mahindi yalishajitatulia hilo tatizo zamani sana kabla binadamu hajachimba makaa ya mawe. Huwezi kumshibisha aliyekwisha kushiba.

Na hili si la kukisia. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wana mashamba ya wazi yaliyozungushiwa mabomba yanayopuliza hewa ukaa juu ya mazao mpaka ifike kama 550, hakuna nailoni wala kioo, mvua na upepo ni vya shambani. Mwaka 2004 walijaribu mahindi, mvua ikawa nzuri, na mavuno hayakuongezeka. Soya kwenye mashamba hayo hayo huwa inaongeza, si sana, ila inaongeza. Sasa mjomba, kikundi chetu tunalima nini? Karibu kila ekari ni mahindi. Ile mbolea ya bure inapita juu ya shamba letu inaenda kwa mwingine.

Kwa nani? Kwa mhogo, huenda. Hapa naandika kwa uangalifu maana wataalamu wenyewe wamepishana. Mwaka 2009 kule Australia walikuza mihogo kwenye vyungu ndani ya grinihausi, wakaongeza hewa ukaa mpaka kama 710, mizizi ikawa midogo na majani yakaongeza ile sumu ya sayanidi ukilinganisha na protini iliyomo. Fikiria kisamvu hicho. Huku kwetu sumu ya mhogo si habari ya kitabuni, ugonjwa wa konzo unaopooza miguu umeshaonekana Tarime na Mtwara, na Wakongo na Wamsumbiji wanaujua zaidi yetu, unawapata watu wanaokula mhogo mchungu usiolowekwa wala kukaushwa vizuri huku mboga yenye protini hakuna. Halafu mwaka 2012 yakatoka majibu ya Illinois, mihogo imepandwa ardhini kwenye yale mashamba ya wazi, hewa ukaa kama 585, mizizi ikaongezeka karibu mara mbili na sumu haikupanda. Mimi naegemea hili la pili, maana mhogo kwenye chungu hauna pa kupeleka mizizi na mmea uliokosa ghala hauwezi kutumia sukari ya ziada, ila na Illinois nako msimu ni mfupi, mhogo wetu unakaa ardhini miezi kumi na mbili na kiangazi kinaupitia. Kwa hiyo nimesema huenda, na huenda hiyo hiyo inaliwa na magonjwa ya mhogo, batobato na michirizi ya kahawia, tusipopata mbegu safi. Michirizi ya kahawia iliandikwa kwa mara ya kwanza miaka ya 1930 hapo Amani, mkoani kwetu hapa hapa Tanga, na mpaka leo unamkuta mtu anang'oa mhogo mnene kwa nje, akikata ndani umeoza kahawia mpaka mbuzi anaukataa. Hewa ukaa haitibu hilo.

Haya, karibuni.

NYONGEZA (usiku): nimesoma michango yote, ahsanteni. Nijibu baadhi.

Kuna mkuu amenibana kweli kweli. Anasema sawa, mahindi hayafaidi kwenye mvua nzuri, lakini hewa ukaa ikiwa nyingi mmea hauhitaji kufungua vitundu sana, maji yanabaki ardhini, na sisi mahindi yetu ukame ndo kawaida yake kwa hiyo sisi ndo tungefaidi kuliko Illinois. Hoja nzito, na ni ya kweli. Ujerumani, Braunschweig, walijaribu mahindi hivyo hivyo shambani, sehemu waliyomwagilia maji, ile hewa ya ziada haikusaidia kitu, sehemu waliyoinyima maji mavuno yakawa bora kuliko ya wenzake walionyimwa maji bila kuongezewa hewa. Nimeshika hapo mkuu.

Ila kumbuka yale maji yanayotoka kwenye jani ndo jasho lake. Vitundu vikifunga jani linabakiza maji na hapo hapo linachemka. Na joto ndo linaua mahindi. Kuna kazi ilitoka mwaka 2011, walikusanya majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi Afrika, wakakuta kila siku moja inayozidi nyuzi 30 kwa nyuzi moja inakata kama asilimia 1 ya mavuno hata mvua ikiwa ya kutosha, na kwenye ukame inakata asilimia 1.7. Siku moja tu! Na hewa ukaa haiji peke yake, inakuja imeshikana mkono na joto, huwezi kumkaribisha mmoja ukamfungia mlango mwenzake.

Desemba nilikuwa shambani saa tano asubuhi, mahindi yameshatoa mbelewele, majani yamejikunja kama mkeka uliokunjwa kwa safari, nikishika jani lina joto. Ndevu zilitoka zimechelewa, chavua imeshakauka. Nilipovuna, gunzi refu tu limesimama vizuri, ukimenya unakuta punje kumi na saba, nilizihesabu. Ekari mbili zikanipa magunia matatu. Mwaka huo hewa ukaa ilikuwa nyingi kuliko mwaka wowote niliowahi kulima. Ukikosa wiki tatu za mvua wakati wa ndevu, maji uliyobakiza kwa vitundu kufunga hayafiki huko.

Dada mwenye mpunga Kilombero anasema basi yeye yuko salama, mpunga ni C3. Kwa gunia, ndiyo dada yangu, maji yakiwepo unaweza kuongeza. Lakini tuangalie kilichomo ndani ya gunia. Mwaka 2014 timu ya Samuel Myers wa Harvard iliunganisha majaribio ya mashamba ya wazi ya Japani, Australia na Marekani, wakakuta mchele uliokua kwenye hewa ukaa ya 550 na ushee umepungua protini kama asilimia 8, madini chuma kama 5 na zinki kama 3. Ngano ndo ilipungua zinki zaidi, kama asilimia 9. Ni kama nyumba ambayo mboga ni ile ile ya jana ila ugali umeongezwa, kila mtu anashiba lakini kipande chako cha samaki kimekuwa kidogo. Mwenye hela ya nyama na mayai hatoliona hilo. Mtoto ambaye wali na maharage ndo kila kitu chake ataliona, na jamii ya maharage waliyoipima, soya na njegere, nayo ilipungua zinki na chuma, japo protini haikubadilika sana kwa sababu mikunde inajitafutia naitrojeni yenyewe. Mjomba akisema tutavuna zaidi, mimi ndo napouliza, tutavuna zaidi nini?

Ndugu mfugaji wa Simanjiro, wewe umeniongezea kitu nilikuwa sijakiwaza. Unasema vichaka vinameza malisho, pale babu yako alipochunga nyasi leo ni miiba mitupu. Nyasi za mbuga ni C4, migunga ni C3, kwa hiyo huyu wa miiba ndo anayelishwa. Afrika Kusini walikuza miche ya migunga kwenye hewa ukaa ya viwango tofauti, iliyopata nyingi ikaweka akiba kubwa zaidi kwenye mizizi na ikaota miiba zaidi, na mche wenye akiba ardhini hata moto ukipita unachipua upya. Sisemi ndo sababu pekee, kuchunga kupita kiasi na kuzuia moto kila mahali kumechangia sana, ila ukiona setilaiti inasema kijani kimeongezeka, ujue na huo msitu wa miiba umehesabiwa humo. Ng'ombe wako hauli.

Aliyeniambia nimetumwa na wazungu kuzuia maendeleo yetu: ndugu, bara zima la Afrika halifikishi hata asilimia 5 ya hewa ukaa inayotokana na mafuta na makaa ya mawe. Sijamwambia mtu azime kiwanda chake. Nakataa tu tusiiite neema wakati bili yake analetewa mkulima wa Handeni.

Na wanaouliza mimi nafanya nini: msimu huu ekari moja nimeitoa kwenye mahindi, nimepanda mhogo wa Kiroba na kunde katikati, mbegu nimeichukua kwa mtu ambaye shamba lake nililikagua jani kwa jani. Ekari ya pili nimeacha mahindi ya muda mfupi maana watoto hawawezi kuachishwa ugali kwa mwaka mmoja, na mimi mwenyewe siwezi.

Mjomba ameshasoma, amenijibu kwa sms kwamba Jumapili nije na hoja ya mtama, maana nao nimeuweka kundi moja na mahindi ila unavumilia ukame kuliko mahindi. Ana haki. Wenye uzoefu wa mtama na uwele Dodoma na Singida nisaidieni kabla ya Jumapili, mnavuna kiasi gani kwa ekari mvua ikikatika wakati wa kutoa masuke, na ndege mnawazuiaje?