Ulinganisho: mechi ipi ya wawili wawili ianze bandani? TLC II, Revival na DIY, Omega na Page, au WrestleMania 39?

Mdau_RangiTatu
Wakuu, naomba hoja. Kuna banda la video Mbagala linataka kuweka usiku wa mieleka. Watu kama 60, skrini moja ya ukutani, spika mbili. Wengi wanawajua Cena na Undertaker, yaani mieleka ya mtu na mtu. Mieleka ya wawili wawili hawajaizoea. Nafasi ni ya mechi moja tu ya aina hiyo, isizidi nusu saa au ipite kidogo.

Zilizopendekezwa mpaka sasa:
A. TLC II (mechi ya meza, ngazi na viti), WrestleMania X-Seven, Houston, 1 Aprili 2001. Edge na Christian, Hardy Boyz, Dudley Boyz.
B. The Revival na DIY, onyesho la NXT TakeOver: Toronto, 19 Novemba 2016, anayetangulia kushinda raundi mbili kati ya tatu.
C. Kenny Omega na Hangman Page dhidi ya Young Bucks, onyesho la Revolution la kampuni ya AEW, Chicago, 29 Februari 2020.
D. Usos dhidi ya Kevin Owens na Sami Zayn, WrestleMania 39, usiku wa kwanza, 1 Aprili 2023.

Tafadhali msiniandikie "hii kali" mkaishia hapo. Nataka kujua mgeni ataelewa nini, na atapotea wapi.

KonaNyekundu
B, na sina wasiwasi nayo.

Mieleka ya wawili wawili inaishi kwenye kona. Mmoja yuko ndani, mwenzake amesimama nje ya kamba ameshika kile kikamba kifupi kilichofungwa kwenye nguzo. Hawezi kuingia mpaka waguse mikono, na wakishagusana anayetoka ana hesabu ya tano ya refa awe ameshatoka. Utamu wote unatoka kwenye sheria hiyo moja. Mtazamaji akiielewa, kila hatua ya kuelekea kona inamsimamisha kwenye benchi. Asipoielewa, ataona wanaume wanne wanapigana tu.

Sasa tazama Revival wanavyofanya kazi. Kwanza wanamvuta steringi mmoja hadi upande wao wa ulingo. Pili wanambakisha huko: akitambaa, wanamshika kifundo cha mguu na kumrudisha. Tatu, mmoja anamzubaisha refa huku mwenzake akipiga kwa nyuma. Nne, wanapokezana mara kwa mara ili wao wapumzike na yeye asipumzike. Watu wa fani wanaita kuukata ulingo vipande viwili. Steringi anabaki na nusu ya ulingo ambayo kona yake haimo.

Ndiyo maana DIY wakifanikiwa kugusana mikono, ukumbi unalipuka. Kelele ile inakuja kwa sababu watu wamecheleweshewa kitu walichokisubiri tangu mwanzo. Pigo lenyewe ni sababu ndogo.

Na kuna faida nyingine kwa ukumbi wa wageni: raundi tatu. Revival wanatangulia, DIY wanasawazisha, ya tatu inaamua. Mtu akikosa la raundi ya kwanza, analipata kwenye ya pili. Yote hayo ndani ya dakika 22 hivi.

Mwisho wake nauthamini kuliko mwisho wowote wa mieleka ya timu. Gargano na Ciampa wa DIY wanawabana viungo Revival wote wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja na wake. Dawson na Dash wa Revival wanashikana mikono, kila mmoja akimzuia mwenzake asigonge, yaani asikubali kushindwa. Halafu wanagonga wote. Hata mtu ambaye hajui neno moja la Kiingereza anaelewa pale kwamba timu imevunjika mbele ya macho yake.

NgaziNne_Temeke
Mkuu KonaNyekundu, umeeleza vizuri, lakini fikiria banda lenyewe. Watu 60, wengine wamesimama mlangoni, wengine wanaongea. Dakika tano za mtu kushikwa mguu zitakupotezea nusu ya ukumbi kabla hawajajua kwa nini anashikwa mguu.

TLC II haihitaji maelezo. Mikanda inaning'inia juu, ngazi ziko chini, atakayeishusha ndiye bingwa. Hakuna kubanwa mabega sakafuni, hakuna kugonga mkono kukubali kushindwa. Timu tatu, na kila moja ina silaha yake: Dudley meza, Hardy ngazi, Edge na Christian viti. Mtoto wa darasa la pili anafuata.

Na mpangilio wake si vurugu kama watu wanavyodai. Katikati kila timu inaletewa msaidizi: Spike kwa Dudley, Rhyno kwa Edge na Christian, Lita kwa Hardy. Yaani mechi inaongezewa watu pale pale ambapo macho yangeanza kuchoka. Jeff Hardy anaruka kutoka ngazi ndefu kwenda kwenye meza nje ya ulingo. Kisha Jeff yuleyule ananing'inia kwenye mikanda, ngazi imeondoka chini yake, na Edge anaruka kutoka ngazi nyingine na kumkata kiunoni hewani. Picha ile haijapitwa mpaka leo. Matt Hardy na Bubba Ray Dudley wanaangushwa kutoka juu hadi kwenye meza zilizopangwa nje. Christian anabebwa mabegani na Rhyno mpaka anaifikia mikanda. Dakika 15 na ushee, basi.

KonaNyekundu
Ni mechi kubwa, sipingi hata neno moja. Ila swali la mwenye mada ni mieleka ya *wawili wawili*. Kwenye TLC watu wote sita wana haki ya kuwa ndani wakati wowote. Hakuna kona, hakuna kamba ya kushika, hakuna kupokezana hata mara moja. Mgeni akitoka pale atajua ngazi na meza. Siku akiona mechi ya kawaida atauliza kwa nini yule mwingine amesimama tu nje.

Tena kuna hasara ya mpangilio: ukianza na meza kuvunjika, mechi ya kawaida inayofuata itaonekana imepoa. A iwekwe mwisho wa usiku, au isiwekwe.

Bi_Ukingoni
Naomba niitetee D, maana naona mnaipita.

Kaka NgaziNne yuko sahihi kwamba mgeni anahitaji sababu ya kutulia. Kaka KonaNyekundu yuko sahihi kwamba kupokezana ndiyo roho. D ina vyote viwili, na inaongeza kitu ambacho B haina: watu wa Dar wanapenda kisa cha udugu na usaliti, na hiki ni kisa cha ukoo.

Sami aliingia kwenye kundi la Roman Reigns na ndugu zake Usos bila kuwa wa damu yao. Jey Uso ndiye aliyekataa kumwamini kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akaja kumkubali. Halafu Januari 2023, kwenye onyesho la Royal Rumble, San Antonio, Reigns anamtaka Sami ampige Owens na kiti, rafiki yake wa miaka mingi. Sami anakigeuza kiti kwa Reigns. Februari anapambana na Reigns huko Montreal, mbele ya watu wa kwao, anashindwa. Aprili anarudi na Owens kuwavua Usos mikanda.

Usos walikuwa wameishika mikanda ya SmackDown siku 622, tangu Julai 2021. Ilikuwa mara ya kwanza mechi ya mikanda ya timu kufunga usiku wa WrestleMania. Na anayembana Jey mwishoni ni Sami mwenyewe, baada ya kumpiga lile teke lake la kwenye kona zaidi ya mara moja. Kwa nini arudie? Kwa sababu kila teke linalipa jambo fulani la nyuma, na ukumbi unajua.

Sharti lake: bila utangulizi mechi hii inapungua nusu. Weka vipande vitatu kabla: Sami akikubaliwa na Jey, kiti cha Royal Rumble, na Owens na Sami wakikumbatiana baada ya kupatana. Kila kimoja dakika mbili, kisizidi. Ukiweka dakika 15 za utangulizi, watu wataenda kununua mihogo na hawatarudi kwa wakati.

Mzee_wa_Hesabu
Dada Bi_Ukingoni, nakuunga mkono, na niongeze dogo: WrestleMania ya kwanza kabisa, 1985, ilifungwa na mechi ya wawili wawili, Hogan na Mr. T dhidi ya Piper na Orndorff. Ila haikuwa ya mikanda, kwa hiyo ulichosema kinasimama.

Kuhusu C. Kwa ufundi wa mwili pekee, hiyo iko juu ya zote nne. Lakini usimwonyeshe mgeni. Young Bucks wanakaa ndani wote wawili kwa muda mrefu baada ya kupokezana na refa anawaachia. Mtazamaji ambaye ndiyo kwanza umemfundisha hesabu ya tano ataona sheria haina kazi. Atauliza nani ana haki ya kubanwa, na hata mzoefu atabidi afikiri kabla ya kumjibu.

Tatizo la pili: hakuna adui. Page amechoshwa na marafiki zake, Bucks wameumia kwa kudharauliwa, Omega yuko katikati. Timu yenye mikanda, Omega na Page, ndiyo inayokaribia kuvunjika. Hata baada ya Page kumaliza kwa pigo lake la Buckshot Lariat na kushinda, anasimama kama anayetaka kumpiga Omega naye. Hiyo ni hadithi ya watu wazima, nzuri mno, ila inadai mtu awe amewafuata. Kwa mtu aliyeshaona mechi kumi za timu, C ndiyo ya kumpa. Kwa wa kwanza, hapana.

Sauti_ya_Banda
Mnabishana mechi, hakuna aliyegusa mtafsiri. Banda lina mtafsiri wa kuongea juu ya picha, na hapo ndipo mechi za timu huharibika. Mtafsiri wa filamu amezoea kujaza kila sekunde. Kwenye mieleka ya wawili wawili afanye haya:

Kabla ya kengele, dakika moja tu: nani na nani, nguo zao rangi gani, sheria ya kona. Wakati wa mchezo, kila wakigusana mikono ataje jina la aliyeingia. Hilo ni muhimu kuliko kutaja mapigo. Refa akipiga mkono sakafuni kuhesabu hadi tatu, anyamaze. Moja, mbili, na kelele za ukumbi wa kule ndizo zinazowapandisha watu wa huku. Akiongea juu ya hesabu, ile mbili na nusu inapotea na hakuna atakayeruka.

Sauti ya mechi iwe juu kidogo kuliko kipaza sauti chake, sio kinyume. Spika mbili ziwekwe mbele, pande zote za skrini. Ukiweka moja nyuma, kelele za uwanjani zinatoka mgongoni na watu wanageuka.

Faili lishushwe mapema, usitegemee mtandao usiku ule. Kwa ubora wa 720, mechi ya dakika 25 ni kama MB 300 hadi 500. Liwe kwenye flashi mbili. Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, rudisha nyuma dakika moja, usiendelee pale pale, maana watu wamesahau nani yuko ndani.

Na kabla ya kupanga tarehe tazama ratiba ya ligi. Siku ya Simba au Yanga hutapata hata watu ishirini.

NgaziNne_Temeke
Hoja ya kuweka A mwisho wa usiku naikubali. Lakini swali kwa KonaNyekundu: mateso ya B hayatachosha kweli? Umesema wageni wajifunze kona, sawa. Wakijifunza huku wanasinzia?

KonaNyekundu
Yanachosha pale ambapo steringi halipizi. Mateso mazuri yana matumaini ndani yake: anapigwa, anainuka, anakaribia kona, anakatwa. Halafu tena, safari hii akiwa karibu zaidi. Ricky Morton wa Rock 'n' Roll Express alifanya kazi hiyo miaka ya themanini mpaka jina lake likawa ndilo la kazi yenyewe. Mechi za timu zinazochosha ni zile ambazo anayeteswa analala tu akisubiri zamu, au mwenzake pale konani amesimama kimya. Mtazame Ciampa akiwa nje: mkono umenyooka, anapiga kelele, anakanyaga ukingo. Nusu ya kazi inafanywa na aliye nje.

Halafu Revival hawapigi ovyo. Brooklyn, Agosti mwaka huo huo, Gargano aligonga kwa kubanwa mguu. Toronto wanaurudia mguu. Mtafsiri akilisema hilo moja kabla ya kengele, ukumbi mzima utakuwa unautazama mguu huo.

Mzee_wa_Hesabu
Kwa mwenye ukumbi mvumilivu kuna ya Kijapani pia: Misawa na Kobashi dhidi ya Kawada na Taue, Budokan, Tokyo, 9 Juni 1995. Kobashi mguu mbovu, analala juu ya Misawa kumkinga. Kawada anambana Misawa kwa mara ya kwanza. Inapita dakika 40, kwa hiyo haifai kwa mada hii. Nimeitaja kwa sababu mizizi ya B iko humo.

Mdau_RangiTatu
Nimewasoma wote. Naelekea B ianze, D iwe katikati na vile vipande vitatu vya Bi_Ukingoni, A ifunge. C naitunza. Swali moja limebaki: kwenye B, raundi ya kwanza ikiisha Revival wakiwa washindi, si kuna watu watadhani mechi imekwisha na kuinuka?

Sauti_ya_Banda
Watainuka, hasa waliosimama mlangoni. Chora kwenye karatasi kubwa mistari miwili chini ya kila timu, ibandike pembeni ya skrini upande wenye taa. Revival wakishinda, mtu atie alama moja mbele ya watu wote kabla mtafsiri hajasema neno. Kengele ya raundi ya pili inakuja haraka, kwa hiyo kalamu iwe mkononi tayari, wino mweusi na ncha nene, aliyekaa nyuma aone.

Bi_Ukingoni
Na majina yaandikwe Gargano, Ciampa, Dawson, Dash, moja moja, sio "DIY" na "Revival" peke yake. Wakati wa mwisho, wale wawili wakishikana mikono, watu watataka kujua ni nani aliyegonga kwanza, na watabishana usiku kucha.